Shajara ya daftari la chama: kuing'oa maktaba ya printa

Jumapili, 9 Februari 2025

Leo printa imekaa mezani kama pambo huku wanachama ishirini na wawili wakisubiri risiti.

Kwa anayeanzia kusoma hapa: daftari ni programu ya simu za Android ya kutunza hesabu za chama. Inaandika michango, mikopo, faini na zamu za mzunguko. Haihitaji intaneti. Mkutano ukikaribia kufungwa, huchapa risiti kwa printa ndogo ya Bluetooth, ile ya karatasi ya milimita 58. Tunaiandika watu watatu, jioni na siku za mapumziko, na tumeitoa kwa leseni ya programu huru iitwayo GNU GPL, toleo la 3, inayomruhusu kila mtu kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Vyama vinavyoitumia hapa Nairobi, mitaa ya Umoja, Kayole na Donholm, vimeipata kwa kupokezana simu kwa simu. Kwenye duka la programu la Google haijawahi kuingia.

Mweka hazina wa chama cha leo alitumiwa simu mpya na mwanawe aliye ng'ambo, kwa kuwa ya zamani kioo kilipasuka. Nakala ya hesabu ilihama bila taabu. Programu ndiyo iliyokataa kuingia. Simu ilisema haikuweza kuisakinisha, basi, haikuongeza neno. Nilipofika mkutano ulikuwa umeshaanza. Nikajaribu mara tatu nikiwa nimepiga magoti kando ya kiti chake, na mara zote tatu jibu likawa lile lile. Ikabidi achukue kitabu cha karatasi na kalamu.

Mzee mmoja alipokelewa elfu mbili zake, akabaki amesimama. "Na karatasi yangu?"

"Leo naandika kwa mkono, mzee. Printa imegoma."

"Hata ile mara ya kwanza tuliandikiwa kwa mkono," akasema, akaenda kuketi.

Chama chao cha kwanza kilivunjika kwa sababu ya kitabu cha mkono ambacho kurasa zake mbili zilichanwa, na kila aliyekuwa pale alielewa anachosema. Mama mweka hazina ni mtu mwaminifu sana. Alikuwa akitokwa na jasho. Mimi ndiye niliyemwambia mwaka jana kwamba programu huru haiwezi kumwacha njiani, kwa kuwa msimbo wote uko wazi na tukishindwa sisi atatokea mwingine wa kuurekebisha. Nilimwambia jambo lisilo kweli. Kazi ya miezi hii ni kulifanya liwe kweli.

Jumanne, 11 Februari

Chanzo kimepatikana. Ndani ya programu yetu mna maktaba moja ambayo hatukuiandika, ile ya kuzungumza na printa. (Maktaba, kwa lugha ya kazi yetu, ni fungu la msimbo uliokwisha kutengenezwa, ambalo programu nyingine hulitumia badala ya kuanza upya.) Tuliipata pamoja na printa yenyewe. Ilikuja imeshageuzwa kuwa lugha ya mashine, msimbo chanzo wake, yaani maandishi ambayo mtu huyasoma na kuyabadilisha, hatujauona hata siku moja, na imejengwa kwa prosesa za biti 32 pekee, za kizazi kilichotangulia biti 64. Baadhi ya simu za karibuni haziendeshi tena programu za biti 32 hata kidogo. Pixel 7 ya mwaka 2022 ilikuwa ya kwanza ya Android kuuzwa hivyo. Simu ya mama ni ya kizazi hicho. Ikikuta kipande hicho kimoja, inaikataa programu nzima, pamoja na sehemu za hesabu ambazo ni zetu na hazina kasoro yoyote.

Ndiyo maana pia hatukuweza kuingia kwenye duka la Google, ambalo tangu Agosti 2019 linataka kila programu yenye msimbo wa namna hii iwe na toleo la biti 64. Tulijua. Tulisema tutalishughulikia baadaye, kwa kuwa simu za vyama vyetu zote zilikuwa za zamani.

Msimbo chanzo wa maktaba hii ungekuwepo, dawa yake ingekuwa kuijenga upya kwa biti 64, na chai isingepoa kabla hatujamaliza. Bila msimbo huo, hakuna mtu Nairobi nzima anayeweza kuifanya kazi hiyo ya dakika kumi, awe fundi wa namna gani.

Alhamisi, 13 Februari

Nimekwenda Luthuli Avenue, kwenye duka tuliponunua printa. Muuzaji ni kijana muungwana, alinikumbuka. Nilimwomba moja kati ya mambo mawili: maktaba ya biti 64, au karatasi yoyote inayosema tunaruhusiwa kuisambaza hii tuliyo nayo. Akafungua droo akatoa flashi ile ile ya mwaka jana.

"Boss, hii ni bure kabisa. Weka kwa simu, utumie."

"Na nikitaka kuibadilisha?"

"Kubadilisha nini sasa?"

Sikuwa na la kumjibu pale kaunta, na wateja walikuwa wanasukumana nyuma yangu. Jina lililo kwenye boksi si la kiwanda kilichotengeneza printa. Anwani ya barua pepe iliyo kwenye kikaratasi cha maelezo inarudisha barua.

Njiani, kwenye matatu, nilikuwa nalifikiria neno lake. Kiingereza kina neno moja, free, la bure na la huru, na tangu miaka ya 1980 watetezi wa programu huru wamekuwa wakilifafanua kila wanaposimama kuzungumza. Sisi tuna maneno mawili na hakuna anayeyachanganya: mfungwa hula bure, wala hakuna amwitaye huru. Na bado sisi watatu, tuliolelewa kwa lugha hii, tulipokea flashi ya bure tukaishona ndani ya kitu tulichokiita huru, tukawapa watu.

Jumamosi, 15 Februari

Tumekutana kwangu wote watatu kuanzia saa nne asubuhi hadi giza. Nilidhani tuna tatizo la ufundi tu. Tuna la pili, na hilo ni deni.

Programu huru hupimwa kwa uhuru wa aina nne, nao huhesabiwa kuanzia sifuri: kuiendesha kwa lengo lolote, kuichunguza na kuibadilisha, kuwapa wengine nakala, na kuwapa wengine nakala uliyoibadilisha. GPL hulinda vyote vinne kwa sharti moja zito: ukimpa mtu programu, mpe pia msimbo chanzo wa kazi nzima, kwa leseni hiyo hiyo. Neno lenyewe ni nzima. Maktaba iliyoshonwa ndani hadi vyote vikatoka kama faili moja ni sehemu ya kazi hiyo. Leseni imesamehe maktaba za mfumo, zile zinazokuja na mfumo wenyewe wa simu. Ya printa haimo humo hata ukiivuta vipi.

Kama kila mstari ungekuwa wetu, tungeweza kujiruhusu. Mwenye hakimiliki anaweza kuongeza ruhusa juu ya GPL, na kifungu cha 7 cha toleo la 3 kimeeleza namna. Lakini sehemu inayokokotoa riba ya salio linalopungua hatukuiandika. Tuliichukua kutoka mradi mwingine wa GPL 3, tukamtaja mwandishi wake kama inavyotakiwa, tukajiona waungwana. Yeye alitupa kwa sharti, na sharti hilo tumelivunja tangu toleo letu la kwanza. Kifungu cha 12 hakina kona: ukiwa umebanwa na jambo jingine hata huwezi kutimiza leseni hii, basi huna ruhusa ya kusambaza kabisa.

Mmoja wetu akasema, na simlaumu kwa kuwa wengi husema hivyo, "Mwenye msimbo yuko huko mbali, hata Umoja haijui. Nani atatushtaki?"

Hakuna atakayetushtaki. Lakini mtu huyo alitukopesha. Kwenye chama, mwenye kukopa asirudishe huitwa kwa jina mbele ya wenzake, na faini yake huandikwa. Programu yetu ndiyo inayoiandika. Hatuwezi kuwaandikia watu faini kwa chombo ambacho sisi wenyewe tumekipata kwa mkopo tusioulipa. Tulibishana kwa muda, na mwishowe ni yeye huyo aliyefungua kompyuta na kuziondoa faili zote za programu iliyojengwa. Msimbo chanzo wetu umebaki hewani, bila maktaba ile.

Kifungu cha 8 kina huruma: ukiacha ukiukaji, na mwenye hakimiliki asikulalamikie ndani ya siku 60, haki yako inarudi kwa kudumu. Tukihesabu kuanzia leo, siku 60 zinatimia tarehe 16 Aprili. Sitaki kukaa kimya nikizihesabu. Nimemwandikia mwandishi usiku huu na kumweleza kila kitu.

Si sisi wa kwanza kuingia shimo hili. KDE, programu huru ya madirisha na menyu za kompyuta, ilipoanzishwa mwaka 1996 ilijengwa juu ya Qt, maktaba ya kampuni ya Trolltech ya Norway, ambayo wakati huo haikuwa huru. Ndani ya KDE kulikuwa na msimbo wa GPL uliochukuliwa kwa watu wengine, kama wetu. Oktoba 1998 Debian, mradi unaosambaza mfumo huru wa kompyuta, ikasema haitaisambaza. Wengine walishaanzisha GNOME, programu ya kazi ile ile, mwaka 1997 kwa sababu hiyo hiyo. Mnamo Septemba 2000 Trolltech ikaitoa Qt kwa GPL na ugomvi ukaisha. Wao walikuwa na mwenye mali wa kuzungumza naye. Sisi tuna anwani inayorudisha barua.

Jumatano, 26 Februari

Mwandishi amejibu, kwa upole kuliko nilivyostahili. Anasema hana kinyongo na anashukuru kuambiwa. Ruhusa ya ziada hata akitaka hawezi kuitoa, kwa kuwa naye alijenga juu ya msimbo wa watu wawili wengine, na mmoja wao hapatikani tena. Njia ya kuomba ruhusa imefungwa. Nilipoisoma barua yake niliona jambo ambalo sikuwa nimelitazama vizuri: hakuna hata mmoja katika mnyororo ule, pamoja na yeye, anayeweza kuuza uhuru wa wale wanaomfuata. Iliniuma, kisha ikaniridhisha.

Barua hiyo imetufanya tujichunguze wenyewe. Mwenzetu aliyeandika sehemu ya risiti aliiandika zamani kidogo, akiwa ameajiriwa na kampuni ndogo ya programu, nyingine nyumbani, nyingine kwenye kompyuta ya kazini. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaiweka programu ya kompyuta miongoni mwa kazi za maandishi. Kazi mtu aliyoifanya katika ajira yake, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwajiri, isipokuwa wamepatana vingine. Iliyoagizwa na mtu huhesabiwa kuwa yake aliyeiagiza. Mkataba wa mwenzetu haukusema lolote. Basi inawezekana kabisa kwamba tuliwapa watu, kwa jina la uhuru, kitu ambacho hakikuwa chetu kukitoa.

Amekwenda kwa bosi wake wa zamani, akasubiri asubuhi nzima, akarudi na barua iliyotiwa sahihi kwamba kampuni haidai chochote na inakubali GPL 3. Ukurasa mmoja. Nakala iko pamoja na msimbo chanzo wa mradi. Anayeandika programu huru huku ameajiriwa aiombe barua hiyo siku ya kwanza, wakati bosi bado anampenda.

Ijumaa, 7 Machi

Kulikuwa na pendekezo la kuitenga maktaba ile katika programu ndogo ya pembeni. Daftari lingetuma maandishi, hiyo nyingine ingechapa, kila moja na leseni yake. Huenda kwa leseni ingepita, kwa kuwa zingekuwa programu mbili zinazosemezana kwa mbali. Nimeipinga hadi mwisho. Simu ya mama ingeikataa ile ndogo kama ilivyoikataa kubwa, na yeye angebaki na printa bubu. Leseni ingekuwa safi na mtu angekuwa kifungoni vile vile.

Tumeamua kuandika wenyewe.

Printa hii, kama karibu zote za aina yake, inaelewa ESC/POS, lugha ya amri iliyobuniwa na Epson ambayo maelezo yake yamechapishwa wazi. Tulichohitaji ni kujua printa yetu inaitamka kwa lafudhi gani. Simu za Android zina mpangilio wa wasanidi unaorekodi kila kinachopita kwenye Bluetooth, na Wireshark, ambayo nayo ni programu huru, husoma rekodi hizo. Tukaweka toleo la zamani kwenye simu ya zamani, tukachapa risiti moja ya shilingi mia, tukafungua rekodi. Maktaba yenyewe hatukuifumua. Tulisikiliza tu simu yetu ikizungumza na printa yetu.

Baiti mbili za mwanzo (baiti ni kipande kidogo cha data, cha kutosha herufi moja ya kawaida), kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita: 1B 40. Maana yake, anza upya. Halafu 1B 61 01: weka maandishi katikati. Halafu jina la chama, herufi kwa herufi, likisomeka wazi kabisa. Mwishoni 1B 64 03: sukuma karatasi mistari mitatu. Zaidi ya hapo, hakuna.

Tulikaa kimya. Nilitegemea kufurahi, lakini nilikasirika. Jambo lililotufungia mwaka mzima, lililomtoa mama jasho mbele ya wenzake, lilikuwa maneno manne ambayo kitabu chake kiko wazi kwa yeyote. Hatukuwahi kufungua kitabu kwa sababu tulipewa kisanduku kilichofungwa na kilikuwa kinafanya kazi.

Vuguvugu lote hili lilichochewa na printa. Karibu na mwaka 1980, maabara ya akili bandia ya MIT huko Marekani ilipata printa ya leza ya Xerox. Karatasi ikikwama, watu waliosubiri hawakujua. Kwa printa iliyotangulia, Richard Stallman alikuwa ameubadilisha msimbo ili kila anayesubiri apate taarifa. Kwa hii mpya msimbo haukutolewa, na mtu wa Carnegie Mellon aliyekuwa nao alikataa kumpa kwa kuwa aliahidi kutompa yeyote. Septemba 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo mzima wa programu huru. Kisa hiki nilikijua tangu chuoni na nimekisimulia mara nyingi. Sikuwahi kukihusisha na printa iliyokuwa kwenye begi langu.

Jumamosi, 22 Machi

Msimbo wetu wa kuchapa umefika mistari 140 na unachapa kwenye simu zote tulizo nazo, ya mama ikiwemo. Hauna kipande chochote cha lugha ya mashine, kwa hiyo habari ya biti 32 au 64 haipo tena.

Kilichokula wiki hizi mbili ni majina ya watu.

Karatasi ya milimita 58 ina nafasi ya nukta 384 kwa upana, na kila herufi ya kawaida inachukua nukta 12, hivyo mstari ni herufi 32. Kiswahili kinatosha humo bila shida, kwa kuwa hakina alama juu ya herufi. Lakini chama si Kiswahili peke yake. Anza na Ng'ang'a. Kibodi ya simu hupenda kuibadilisha ile alama iliyo katikati iwe iliyopinda, ambayo kwenye simu huhifadhiwa kwa baiti tatu. Printa inazisoma baiti hizo kama herufi tatu tofauti za jedwali lake la zamani, na jina linatoka NgΓÇÖangΓÇÖa. Hilo tulilitibu kwa mstari mmoja, kuinyoosha alama kabla ya kutuma.

Kisha wako akina Wambũi na Mũthoni. Hiyo ũ, na ĩ ya Gĩkũyũ, hazimo kabisa kwenye jedwali la printa hii. Maktaba ya zamani iliweka alama ya kuuliza. Kwa mwaka mzima wanawake wa Kayole wamepokea risiti zilizoandikwa Wamb?i na M?thoni. Walituuliza mara mbili. Tuliwajibu haiwezekani, ni maktaba, na tukaona tumejibu.

Sasa inawezekana. Tumeacha kutuma herufi na tunatuma picha. Android inaichora risiti yote kwa fonti zake, upana nukta 384, na kila safu ya nukta inakuwa baiti 48 chini ya amri ya 1D 76 30. Printa haihitaji kujua ni lugha gani. Mwanzoni ilitoa mistari ya takataka katikati ya risiti. Kumbukumbu yake ni ndogo, inafurika ukiipelekea picha nzima kwa mkupuo. Tumeikata vipande vya safu 24 na kupumzika kidogo kati ya kipande na kipande. Risiti imekuwa ya polepole kuliko ya zamani, na mmoja wetu alitaka majina yasiyo na alama yapite njia ya haraka. Nimekataa. Nisingependa mwanachama asubiri zaidi ya jirani yake kwa sababu ya jina alilopewa na bibi yake.

Tukiwa humo tumeng'oa pia vipande viwili vingine vilivyofungwa. Kisoma QR kimebadilishwa na ZXing, maktaba huru yenye leseni ya Apache 2.0 inayopatana na GPL 3. Kile cha kutuma taarifa za hitilafu nje ya nchi kimeondolewa bila mbadala. Wanachama hawakuwahi kuulizwa, na tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hatukuwa na kisingizio.

Jumanne, 8 Aprili

Toleo jipya limetoka Jumamosi. Mwandishi wa msimbo wa riba ameliangalia na kusema kwake limekwisha, hata kabla ya zile siku 60. Maombi yetu ya kuingia F-Droid, duka la programu huru za Android, yako kwenye foleni. F-Droid hujenga programu yenyewe kutoka msimbo chanzo, kwa hiyo kipande kilichofungwa hakipiti kwa kujificha, na programu inayotegemea huduma isiyo huru huwekewa alama ili mtu ajue kabla ya kuichukua.

Alama hiyo ndiyo iliyotukesha jana, kwa sababu ya M-Pesa. Tangu 2007 M-Pesa imekuwa njia ya pesa ya nchi hii, na michango mingi ya vyama vyetu hupita humo. Mwenzangu anataka daftari liunganishwe na Daraja, lango la Safaricom la programu, malipo yajiandike yenyewe. Anayo hoja: mweka hazina anachoka, na makosa hutokea mtu akichoka. GPL nayo haigusi huduma iliyo upande wa pili wa mtandao, kwa kuwa haimo ndani ya programu yetu. Lakini kwa muunganisho huo tungehitaji seva, funguo za biashara, na mtu wa kuvilipia kila mwezi. Siku sisi watatu tukitawanyika, chama kilichozoea kuandikiwa kingeamka hakina daftari. Ningekuwa nimemrudisha mama pale pale alipokuwa tarehe 9 Februari.

Tumekubaliana hivi. Mweka hazina ananakili ujumbe wa uthibitisho na kuubandika. Daftari linatoa namba ya muamala yenye herufi kumi na kiasi cha pesa, na linakataa namba iliyokwisha kuandikwa. Muundo wa ujumbe ukibadilika kesho, mstari unaousoma uko wazi, na hata usiporekebishwa mtu anaweza kuandika kwa vidole. Mwenzangu ataandika muunganisho wa Daraja kama nyongeza ya pembeni, kwa anayeutaka. Hajaridhika sana, nami namwelewa.

Kuna aliyeniuliza kuhusu programu iliyo ndani ya printa yenyewe, ambayo nayo imefungwa. Ni kweli. Debian walipiga kura juu ya jambo la jamii hiyo mwaka 2022, na tangu Debian 12 ya Juni 2023 diski yao ya usakinishaji inabeba programu za vifaa zisizo huru, kwenye fungu lake lenye jina lake. Kwangu kipimo ni kama mtu anaweza kuondoka. Printa hii ikifa, mama atanunua yoyote inayoelewa ESC/POS, kwa muuzaji yeyote, na daftari halitajua tofauti. Kwa leo natosheka na hapo.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua imenyesha tangu asubuhi, barabara ya kuingia ukumbini ni tope tupu, na bado wamefika kumi na tisa. Daftari limeingia kwenye simu ya mama mara ya kwanza. Alinitazama, akaiwasha printa mwenyewe.

Mzee alipewa risiti yake. Aliisoma yote, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akaketi.

Aliyemfuata ni mama mmoja ambaye jina lake lina ũ mbili. Alisimama chini ya taa akiisoma. Nilidhani kiasi kimekosewa, nikainuka.

"Hapa mmeniandika sawa," akasema.

"Ndiyo, mama. Samahani kwa zile za zamani."

"Hizo za zamani ziko wapi? Si ziko humo ndani?"

"Zimo zote."

"Basi nichapie tena, mwanangu. Za mwaka jana zote."

Wengine wanne wakasimama nyuma yake. Tumechapa hadi karatasi ikaisha, na watatu wamebaki bila.

Ya kufanya: kununua roli sita kabla ya mkutano wa Mei na kuwamalizia hao watatu. Chama cha Donholm kina printa ya milimita 80, nukta 576, kwa hiyo baiti 72 kwa safu badala ya 48. Upana uwe kitu cha kuchagua kwenye mipangilio, usiandikwe ndani ya msimbo kama ulivyo sasa. Mama mweka hazina anauliza kama mkopo ukilipwa wote risiti inaweza kuandika IMEKWISHA kwa herufi kubwa.